Je, kumtibu mtoto mwenye selimundu ni kupingana na mpango wa Allah?

SWALI

Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mama, naishi Igoma hapa Mwanza. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kliniki yake iko Bugando, na mara mbili ameshaongezewa damu. Juzi kwenye kikao cha ukoo shemeji yangu anayesoma biolojia chuoni alisema kwamba zamani watoto kama huyu walikuwa wanakufa wadogo, na huo ndio uteuzi wa asili: dhaifu anaondoka, mwenye nguvu anabaki, kama sangara alivyowamaliza samaki wadogo wa furu ziwani. Akasema hospitali zimevuruga utaratibu huo, ndiyo maana kizazi cha binadamu kinazidi kuharibika. Mama mkwe akadakia kuwa kung'ang'ania dawa ni kupingana na qadar, yaani mpango wa Allah. Isitoshe, upande wa mume wangu wanasema ugonjwa nimekuja nao mimi. Je, maneno ya shemeji yana ukweli? Na binti yangu mkubwa ameletewa posa, daktari anashauri wapime damu kwanza. Dini inasemaje?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama. Allah amponye mwanao na akupe nguvu. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, na yamefungamana. Nitaanza na la qadar kwa sababu jibu lake ni fupi.

Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui kama watumie dawa. Akajibu: "Tumieni dawa, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee." Hadithi hii ameipokea Usama bin Sharik, na imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Na Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza, "Unaikimbia qadar ya Allah?" Umar akamjibu: "Ndiyo, tunaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah." Damu aliyoongezewa mwanao ni qadar. Daktari aliyekuwa zamu usiku ule ni qadar. Mwambie mama mkwe hayo kwa adabu na upole, kwa maana naye anaumia kwa ajili ya mjukuu wake.

Sasa maneno ya shemeji. Sitayatupa yote, kwa sababu sehemu yake ni kweli, na mwenye dini hapaswi kuogopa kilicho kweli. Ni kweli kwamba katika viumbe, wanaoweza kuishi na kuzaa katika mazingira fulani ndio wanaorithisha sifa zao kwa wingi. Hilo limehesabiwa kwa binadamu, tena ng'ambo kidogo tu ya ziwa letu hili.

Kulikuwa na daktari aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 aligundua kwamba vinasaba (chembe za urithi) vya selimundu vilikuwa vingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na vichache kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza: pwani na ziwa vina nini kinachofanana? Jibu likawa mbu wa malaria. Mwaka 1954 akatangaza kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na papo hapo ana kinga dhidi ya malaria kali. Tafiti za baadaye zimeonyesha kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Anayeugua ni yule aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, kama mwanao.

Mwaka 1956 zikatoka hesabu zake za Musoma. Katika watoto wachanga 287, wenye ugonjwa walikuwa 9 na wabebaji, yaani wenye kinasaba kimoja wasiougua, 89. Katika watu wazima 654, wenye ugonjwa walikuwa 5 tu, na wabebaji 249. Ziangalie namba hizo taratibu, mama, maana ndani yake kuna vifo vya watoto. Kati ya wachanga, wagonjwa ni kama 3 katika kila 100. Kwa watu wazima hawafiki hata 1. Wabebaji nao walikuwa 31 katika kila 100 utotoni, na ukubwani wakawa 38, kwa sababu malaria iliwachukua wengi wasiokuwa na kinga hiyo. Huo ndio uteuzi wa asili anaousema shemeji, na mimi siupingi. Ni katika kanuni alizoziweka Allah ndani ya viumbe vyake, na kuzijua hakumtoi mtu katika imani.

Lakini shemeji aliposema "dhaifu anaondoka, mwenye nguvu anabaki", aliacha sehemu kubwa ya somo lake mwenyewe. Kinasaba kinachomuumiza mwanao ndicho kilichowalinda babu na bibi zetu wa ukanda huu wasimalizwe na malaria. Wengi wetu tuliozaliwa kando ya ziwa hili tupo hai kwa sababu mzazi fulani wa zamani alikibeba, akaumwa homa, akapona. Gharama ya kinga hiyo ikawaangukia watoto wachache waliorithi pande zote mbili. Mwanao anapolia usiku kwa maumivu ya mifupa, viganja vimevimba, macho yamekuwa ya manjano, anabeba gharama ya kitu kilichotuokoa sisi wengine. Kwa hiyo ukoo ule uliokaa kwenye kikao kumjadili una deni kwake. Nami nasema hivyo nikimaanisha deni hasa: la kuchangia damu, la kuchangia bima yake, la kumbeba mgongoni hadi kituo cha afya pikipiki ikikosekana.

Na hapa ndipo maneno ya Mtume wetu (s.a.w.) yananitetemesha. Saad bin Abi Waqqas, shujaa wa vita, alijiona ana ubora kuliko walio chini yake. Mtume akamwambia: "Je, mnanusuriwa na kuruzukiwa isipokuwa kwa sababu ya wanyonge wenu?" Imo kwa Bukhari. Hakusema wanyonge ni mzigo tunaouvumilia kwa thawabu tu. Alisema nusura yetu na riziki yetu zinapitia kwao.

Mfano wa sangara nao haumsaidii shemeji. Sangara hakushinda kwa nguvu zake. Aliingizwa ziwani na binadamu miaka ya 1950, na furu wakatoweka kwa mamia ya aina. Huo ni mfano wa mkono wa mtu, na mkono wa mtu una hesabu mbele ya Allah.

Je, tiba ya kisasa imebadilisha uteuzi huo? Ndiyo, imeubadilisha sana, ingawa haijaukomesha. Nchini kwetu mwaka 1999 watoto 147 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua, dawa ya mseto na maji salama vimewabakiza hai watoto ambao zamani tungewazika. Kwa wenye selimundu, utafiti uliotoka Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba vidonge vya penisilini kila siku vinapunguza maambukizi hatari ya bakteria ya nimonia kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo. Siku hizi kuna dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu na kuongezewa damu. Upandikizaji wa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeanza kufanyika Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, tangu 2023.

Kwa hiyo kizazi kinaharibika? Turudi Musoma, tuhesabu. Wale watu wazima 249 waliobeba walikuwa na kinasaba kimoja kimoja, jumla 249. Wagonjwa 5 walikuwa na viwili viwili, jumla 10. Yaani karibu vyote vilikuwa kwa watu wazima wa afya, wanaolima na kuvua, wasiojua hata kama wanavyo. Hata ukihesabu wale wachanga kabla mauti hayajawachuja, 89 viko kwa wasiougua na 18 kwa wagonjwa. Ukimwacha mwanao afe leo, selimundu haiondoki katika ukoo. Inabaki kwa baba zake wakubwa, kwa shangazi zake, pengine kwa shemeji mwenyewe. Kinachoweza kuipunguza polepole, vizazi kwa vizazi, ni kupungua kwa malaria, maana malaria ikikosa nguvu, kubeba kinasaba hicho kunakosa faida. Chandarua na mseto, ile ile tiba anayoilaumu, ndivyo vinavyofanya kazi hiyo bila kumuua mtoto yeyote.

Wazo la shemeji si geni. Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1871, aliandika kwamba chanjo ya ndui imewahifadhi maelfu ambao wangekufa kwa udhaifu wa miili yao. Lakini naye akasema hatuwezi kuizuia huruma yetu bila kuharibu sehemu bora kabisa ya utu wetu. Waliokuja nyuma yake hawakuwa na kizuizi hicho. Huko Marekani zaidi ya watu 60,000 walifungwa uzazi kwa nguvu katika karne ya 20, na mahakama kuu ya nchi ikalibariki jambo hilo mwaka 1927. Huko Ujerumani, kati ya 1939 na 1941, wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000 waliuawa, wengi kwa gesi, kwa hoja kwamba wanalidhoofisha taifa. Wala tusinyooshe vidole Ulaya peke yake. Hapa Kanda ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, na majirani wakanyamaza. Mtu akishakubali kwamba kuna binadamu ambao afadhali wasingekuwepo, hajui atasimama wapi. Allah amesema: "Na mwenye kumwokoa mtu mmoja ni kama amewaokoa watu wote" (5:32). Aya haikuuliza mtu huyo ana afya gani. Kanuni ya maumbile inatueleza kinachotokea tusipofanya kitu. Haitupi amri ya kutokufanya kitu, na anayeigeuza kuwa amri ameifanya sheria badala ya sheria ya Allah.

Shemeji akitaka kuogopa uteuzi wa asili, basi auogope ule unaotokea kwa vijidudu. Klorokwini, dawa ya malaria tuliyoimeza utotoni, iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilivyoihimili ndivyo vilivyobaki na kuzaana. Ikaja dawa ya SP, nayo ikashindwa, na mwishoni mwa 2006 tukahamia kwenye mseto. Na sasa kwa jirani zetu hapo Kagera wamepatikana vimelea vyenye mabadiliko yanayoanza kuihimili hata artemisinini iliyomo ndani ya mseto. Hili linatokana pia na sisi wenyewe: mtu ananunua vidonge nusu dozi duka la dawa, akipata nafuu siku ya pili anaweka vilivyobaki kabatini amgawie jirani. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kuacha dozi njiani kwa uzembe, ukijua kwamba vijidudu vilivyobaki vitamwendea mtoto wa mwenzako, ni kudhuru. Ningependa kulisikia hilo kwenye hotuba za Ijumaa mara nyingi zaidi.

Nakuja kwenye lawama uliyotwishwa. Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi asiyefanana naye. Mtume akamuuliza, "Una ngamia?" Akasema ninao. "Wa rangi gani?" Wekundu. "Hakuna wa kijivu kati yao?" Yupo. "Huyo ametoka wapi?" Yule bwana akasema, labda ni mshipa wa asili umemvuta. Mtume akamwambia: "Na mwanao huyu labda ni mshipa umemvuta." Wameipokea Bukhari na Muslim. Angalia alivyoizima fitina ya nyumba ile kwa kumkumbusha mtu jinsi urithi unavyokwenda, bila kumkemea na bila kumwaibisha mwanamke. Selimundu haiji kwa mama peke yake. Mtoto haugui mpaka apokee kwa baba na kwa mama, na wote wawili huwa wazima. Anayekusingizia wewe peke yako anasema uongo juu ya muumini, hata kama hajui. Mumeo ana wajibu wa kusimama mbele ya ndugu zake aliseme hilo kwa mdomo wake mwenyewe, usiachwe ulibebe peke yako.

Kuhusu binti yako: kupima damu kabla ya nikaha kunaruhusiwa, na kwa watu wa ukanda wetu mimi nakuhimiza. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na sehemu kubwa yao ni huku kwetu. Wakipima wakakuta mmoja tu ndiye mbebaji, hakuna mtoto wao atakayeugua. Wakiwa wote wawili wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Hapo nikaha haiharamiki, na walii hana haki ya kulazimisha wala kuvunja kwa sababu hiyo pekee. Waambiwe ukweli, wapewe muda, waswali istikhara, waamue wenyewe. Wakiamua kuoana, mtoto apimwe akiwa mchanga ili dawa zianze mapema. Majibu ya damu ya binti ni amana: asitangaziwe ukoo, na posa ikivunjika, isisemwe kwamba ana kasoro.

Hata huyo mdogo, akikua kwa idhini ya Allah akataka kuoa, ataoa. Akimpata mwenza asiyebeba, watoto wake wote watakuwa wabebaji na hakuna hata mmoja atakayeugua. Mpeleke kliniki tarehe zake zote, alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, na homa ikimpanda usisubiri asubuhi.

Wallaahu aalam.