Swali: Wateja hawapati pa kupaki tao, si kaunti ijenge jumba lingine la parking?

SWALI: Niko na duka la nguo za watoto hapa Biashara Street, Nairobi. Wateja wananipigia wakisema wamezunguka weee hawajapata nafasi, wameamua kwenda mall. Si wajenge jumba lingine la kupaki, ama tuombe ada ishushwe?

JIBU: Dadangu, kwanza usiombe ada ishushwe tafadhali, hapo utakuwa unajimaliza mwenyewe. Mimi kazi yangu ni mipango ya usafiri, na shida ya mtaa wako naiona kwenye namna ya kulipisha, kabla hata hatujafika kwa uhaba wa nafasi.

Angalia vile imekuwa kwa miaka mingi katikati ya Nairobi: unalipa ada ya siku. Ukae dakika ishirini ununue sweta ya mtoto uende, ama upaki saa moja asubuhi uondoke saa kumi na moja jioni, pesa ni ile ile. Sasa ni nani atafaidika hapo? Ni yule wa ofisini anayewahi mapema, pengine hata mwenye duka jirani yako (ama wewe, sijui gari yako iko wapi saa hii!). Nafasi moja inalala na gari moja saa kumi nzima wakati ingehudumia wateja kumi hivi wakipishana. Na ukijenga jumba wakati kupaki barabarani bado ni rahisi hivyo, watu watajaza barabara kwanza, jumba libaki na ghorofa za juu tupu, mkopo wa kulijenga bado unalipwa.

Dawa ni kulipisha kwa saa, na bei ipande kadiri mtu anavyokaa. Mfano tu, tuseme saa ya kwanza 50, kila saa inayofuata 100. Mteja wako analipa 50 anaenda, wa kushinda mchana kutwa saa kumi analipa 950, huyo atatafuta kwa kupaki pembeni kule Ngara ama apande matatu, na kule pembeni bei iwe chini makusudi. Wataalamu wengi hulenga nafasi zijae kama asilimia 85, yaani kila saba unakuta moja wazi. San Francisco walianza kujaribu hivyo 2011, bei inabadilishwa mtaa kwa mtaa na kwa vipindi vya siku (asubuhi, mchana, jioni) kulingana na vile nafasi zimejaa, na kuna mitaa bei ilishuka, si kupanda tu.

Halafu hii mambo ya kufunga magari minyororo, mimi huwa inanishangaza. Gari imekosea, halafu unaizuia isiondoke kwenye nafasi uliyokuwa unaitaka! Faini iende kwa namba ya gari basi, idaiwe kwa simu. Mizigo nayo ipewe muda wake asubuhi kabla maduka hayajachangamka.

Wenye magari watalia, lazima. Pasadena kule California mita za kulipia parking zilipowekwa 1993 wenye maduka walikuwa wanapinga, wakakubali walipoahidiwa pesa zitarudi kutengeneza mtaa ule ule, taa, vijia vya miguu, usafi. Bila ahadi kama hiyo sidhani hapa itapita, watu wanaona ada inaenda tu City Hall inapotelea huko.

Wewe fanya hivi: mpe kijana wa duka daftari, siku mbili za kawaida na Jumamosi moja, kila saa apite mtaa mzima akiandika namba za magari yaliyopaki. Utajua gari ngapi zinalala hapo mchana kutwa. Uende na hiyo daftari pamoja na majirani wako kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu mswada wa fedha wa kaunti, kwa sababu ada za parking huwekwa humo, na ukisubiri upitishwe ndio ulalamike utakuwa umechelewa.