Boneti ya 110 inayogonga: usibadilishe loki kwanza

Mkuu, umesema boneti ya Land Rover 110 yako inagonga kila ukishika barabara ya vumbi nje ya Tanga mjini, na fundi anataka ubadilishe loki nzima. Usinunue kitu kwanza. Iache injini ingurume bila kukanyaga mafuta, kandamiza boneti kwa kiganja: mbele katikati, pembeni, halafu nyuma kwenye bawaba. Mlio unapokatika ndipo penye tatizo.

Ukikatika mbele, ni ile pini yenye springi chini ya boneti, imekuwa ndefu mno. Legeza nati yake ya kufungia, ingiza bisibisi bapa kwenye ncha ya pini, izungushe nusu mzunguko kuifupisha, kaza nati, jaribu. Nusu, si mizunguko mitatu! Ikizidi kuwa fupi loki inabana, unavuta kebo ya kufungulia boneti kwa hasira, inakatika, na boneti imefungwa. Ukimaliza hakikisha ndoano ya usalama bado inashika.

Ukikatika nyuma, bushi za bawaba (vile vipete vya ndani yake) zimelika. Badili pande zote mbili.

Ukikatika pembeni, ni raba ambayo boneti huikalia. Weka karatasi juu yake, funga boneti, vuta. Ikitoka kirahisi, raba haigusi. Kubandika kipande cha tyubu ya baiskeli kwa gundi kunasaidia kwa muda tu, joto la injini hulainisha gundi hiyo.

Halafu chumvi ya bahari yetu hii: boneti ni ya aluminiamu, bolti ni za chuma. Ule unga mweupe kuzunguka bolti si vumbi, ni aluminiamu inaliwa. Kwangua, tia washa (kipete bapa) ya plastiki na grisi kabla ya kukaza.