Usilipe hiyo 150,000, anza na simu uliyonayo

Mdogo wangu, nimekuelewa: umemaliza S4 (kidato cha nne), uko kijijini Kasese, hapa Uganda, una simu ya intaneti, na kuna mtu anadai shilingi 150,000 akufundishe akili unde (AI) kisha akupe kazi ng'ambo. Usimpe. Anayeahidi kazi kabla hajakujua anatafuta hela yako, na ukimpa namba ya siri ya mobile money umekwisha.

Mimi nilianzia kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi huku Busia. Nilifagia, nikaachiwa kompyuta jioni. Jifunze kuandika barua, kupanga hesabu kwenye jedwali, kutuma barua pepe. Bando ni ghali (tangu 2021 tunakatwa kodi ya asilimia 12), basi pakua masomo penye waifai ya bure, usome nyumbani.

Akili unde iulize, ila hakiki. Mimi iliniambia ninyunyizie dawa mibuni ya robusta yenye mnyauko. Afisa kilimo alicheka sana. Ugonjwa ule hauna dawa, unang'oa mti na kuuchoma.

Kama ulishamtumia yule mtu pesa, pigia kampuni ya simu leo hii, kisha nenda polisi.