Ukurasa wa Kwanza Ningeipa Kalavati

Mhariri, swali lenu la wiki limetutaka wasomaji tueleze ni wiki gani habari za magazetini ziliingia hadi ndani ya nyumba zetu, na lau tungekuwa sisi wahariri, ni habari gani tungeiweka ukurasa wa kwanza.

Yangu ni wiki iliyoanza Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024 na kuishia Jumatatu iliyofuata. Na ukurasa wa kwanza ningeipa kalavati: lile tundu la zege lililo chini ya barabara na chini ya reli, ambalo watu hupita juu yake miaka nenda miaka rudi bila kulitupia jicho.

Najua Wakenya wengi wanaikumbuka wiki ile kwa mambo mengine. Jumapili ya tarehe 21 alikuwa amezikwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, aliyefariki Alhamisi ya tarehe 18 pamoja na wanajeshi wengine tisa helikopta yao ilipoanguka. Alizikwa kwao Siaya bila jeneza, na kwa haraka, kama alivyousia mwenyewe. Jumatatu asubuhi, katika treni ya kwenda kazini, behewa letu lote lilikuwa likizungumza hilo. Wazee walisema kwamba mkubwa kama yule akikubali kwenda bila jeneza, basi nasi tuna ruhusa ya kuacha kukopa kwa ajili ya mazishi. Mama mmoja aliyekuwa na deni la matanga ya mumewe alisikiliza kimya kisha akasema, "Laiti haya yangesemwa mwaka jana." Mazungumzo yale yaliniingia moyoni na bado yamo.

Kisha kulikuwa na mgomo wa madaktari, ulioanza tarehe 14 Machi. Vyama vya madaktari na serikali walivutana kuhusu, pamoja na mengine, malipo ya madaktari wanagenzi: serikali ikitaja shilingi 70,000 kwa mwezi, madaktari wakishikilia 206,000 za mkataba. Kwetu mgomo ule ulikuwa na sura ya shosho wa jirani, mgonjwa wa sukari, ambaye kliniki yake katika hospitali ya umma ilikuwa imefungwa na akawa anagawa vidonge nusu nusu. Halafu shule zilikuwa zifunguliwe muhula wa pili Jumatatu tarehe 29. Mimi hufanya kazi kwenye duka la uchapishaji mjini Nairobi, karibu na River Road. Wiki ya kabla ya shule kufunguliwa ndiyo wiki yetu ya mavuno: fomu za ripoti, risiti za karo, beji, majalada ya madaftari. Kwa hiyo habari zilikuwa tele, na kila moja ilikuwa na mtu wake ninayemjua.

Ila juu ya yote hayo kulikuwa na mvua, na mvua ndiyo iliyoamua nani anafika wapi.

Nakaa Kahawa, mtaa wa pembezoni mwa Nairobi. Asubuhi napanda treni ya Ruiru, ambayo watu wa upande wetu huipenda kwa sababu mbili zilizo wazi. Haiketi kwenye msongamano wa Thika Road, na nauli yake haipandi mawingu yakitanda. Yeyote anayetumia matatu Nairobi anajua jinsi makanga anavyotazama juu kwanza ndipo ataje bei. Reli yenyewe ni ya zamani, ileile inayoendelea hadi Thika na Nanyuki. Kutoka Kahawa inapita Githurai, Mwiki, Dandora, Mutindwa na Makadara, kisha inaingia Stesheni ya mjini.

Githurai soko liko juu ya reli. Nyanya, vitunguu, viatu vya mitumba na mifuko ya omena hupangwa hadi kwenye chuma chenyewe, na treni ikipiga honi wenye mali huvuta turubai, husogea hatua chache, hungoja mabehewa yapite, kisha hutandaza tena kabla hata behewa la mwisho halijatokomea. Mgeni akiona mara ya kwanza hushtuka. Sisi tumezoea, nao wamezoea, na kuna adabu yake: dereva hupunguza mwendo, na wao hawamcheleweshi. Nawataja kwa sababu wafanyabiashara hawa wanaijua reli kuliko abiria yeyote. Wanajua maji husimama wapi baada ya mvua, wanajua mtaro upi umeziba na umezibwa na nini. Hakuna anayewauliza.

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 mvua ilinyesha bila kupumua. Asubuhi taarifa ikaja: Shirika la Reli limesitisha treni za abiria za jijini kwa sababu ya mafuriko. Katika mtaa wa Mathare maji yalikuwa yameingia nyumbani watu wakiwa vitandani. Upande wa Kitengela na Mlolongo, Mto Athi ulikuwa umefurika na Msalaba Mwekundu wakawa wanaokoa watu. Barabara nyingi zilikuwa mito. Vijana wenye mikokoteni na wenye nguvu mgongoni walikuwa wakivusha watu kwa pesa, na nauli za matatu zikapanda papo hapo. Wengi wetu tuliondoka na gambuti miguuni na viatu vya kazini mkononi, tukatembea tulipoweza kutembea. Kuna waliofika mjini saa sita mchana, na kuna waliorudi nyumbani njiani.

Siulaumu uamuzi wa kusimamisha treni. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ningependa abiria wenzangu walionung'unika siku ile waelewe kwa nini. Reli hulala juu ya mataruma, yale magogo au zege yaliyolazwa kukatiza chini ya chuma, mataruma hulala juu ya kokoto, na kokoto hulala juu ya tuta la udongo. Kokoto hazikuwekwa pale kwa urembo. Kazi yake ni kutawanya uzito wa treni na kupitisha maji upesi ili yasikae chini ya mataruma. Maji yakikaa, udongo hulainika na kupanda juu kama uji ndani ya kokoto, na chuma hubaki kikining'inia mahali ambapo dereva hawezi kuona. Treni iliyojaa watu ikipita hapo, hakuna breki itakayosaidia. Na tuta lenyewe, popote linapokatiza kijito au bonde, lazima liwe na kalavati chini yake. Bila tundu hilo, au tundu likiwa limeziba, tuta la reli hugeuka kuwa ukuta wa bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelipangia kuwa bwawa.

Hapa lazima niongeze neno kuhusu umbo la Nairobi, kwa maana tunaishi ndani yake bila kuliona. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Kuanzia nyanda za juu za magharibi, mito yetu yote hutelemka kuelekea mashariki, Mto Nairobi, Mto Mathare, Mto Ngong, hadi Athi. Mvua ya Kikuyu na Limuru haiishii huko. Humfikia mtu wa Mathare, wa Mukuru, wa Dandora, pengine kwao tone lolote halijaanguka. Na udongo wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukishashiba haunywi tena. Mwaka ule ulikuwa umekwisha kushiba: vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, na masika ikaja juu ya ardhi ambayo haikupata kupumzika. Kwa hiyo kila tone lilitafuta mtaro, na mtaro ulitafuta kalavati.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa tahadhari zake. Nilizisikia redioni, zikasomwa baada ya michezo, kwa sauti ileile ya kila siku. Nadhani hilo ni kosa kubwa la vyombo vya habari vyetu. Ligi ya Uingereza inapewa dakika nyingi na mtu wa kuifafanua. Mvua, ambayo kesho itaamua kama mtoto atafika shule na kama nyumba itabaki imesimama, inapewa sentensi mbili za mwisho.

Jumatatu tarehe 29 ndipo habari zote za wiki zilipokutana. Asubuhi tuliamka na tangazo kwamba shule hazifunguliwi, zimeahirishwa kwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Watoto wengine walikuwa tayari wamefunga masanduku. Kule dukani wateja wakaanza kupiga simu wakisitisha oda, na bosi wetu akakaa akitazama marobota ya fomu zenye tarehe ambazo hazikuwa na maana tena. Mambo hayo yalituuma, na yangetosha kuwa habari ya siku.

Kisha ikaja ya Mai Mahiu, mji mdogo ulio Bonde la Ufa. Kabla ya mapambazuko, maji yaliporomoka kutoka upande wa Kijabe, yakabeba nyumba, magari na miti mizima katika eneo la Kamuchiri. Siku hiyo hiyo ilikuwa wazi kwamba waliokufa wamepita 40, na hesabu iliendelea kupanda kadiri miili ilivyotolewa kwenye matope. Taarifa za mwanzo zilisema bwawa la zamani la Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikatoa ufafanuzi: bwawa halikuwa limepasuka. Ni njia ya mto chini ya tuta la reli iliyokuwa imeziba kwa magogo, mawe na udongo. Maji yakakosa pa kupita, yakajikusanya nyuma ya tuta usiku, mpaka tuta likashindwa.

Nilisoma ufafanuzi ule kwenye simu nikiwa dukani, nikakaa chini. Watu wale hawakuwa abiria. Wengi wao huenda walikuwa hawajapanda treni maisha yao yote. Walilala kwenye nyumba zao, chini ya bonde, na juu yao kulikuwa na tuta la reli ya zamani inayoshuka Bonde la Ufa, na chini ya tuta kulikuwa na tundu, na tundu lilikuwa limeziba. Mimi siku zote nilihesabu wema wa reli kwa abiria inaowafikisha. Tangu siku ile nahesabu pia watu wanaolala chini yake.

Mwanzoni mwa Mei idadi ya waliokufa nchini kwa mafuriko ya masika ile ilikuwa imepita 200. Magazeti yaliandika kuhusu rambirambi, kuhusu ziara za viongozi, kuhusu amri ya kuwahamisha wanaoishi kando ya mito. Hilo la kuhamisha watu lilinisumbua, nami nalisema wazi. Aliyejenga kibanda Mathare hakuziba mto peke yake. Kuna taka za jiji zima zilizoteremka kwake, kuna ghorofa zilizojengwa juu zaidi kwa vibali, kuna miti iliyokatwa nyanda za juu na magogo yake kuachwa mabondeni. Yeye wa chini kabisa ndiye aliyebomolewa kwanza.

Kalavati haina mwenyewe, na hapo ndipo shida ilipo. Ikiwa chini ya reli, kaunti husema ni ya reli. Mtaro unaoingia ndani yake, reli husema ni wa kaunti. Ikiwa chini ya barabara kuu kuna mamlaka nyingine, na mto wenyewe una yake. Januari na Februari, jua likiwaka, mtaro mkavu huonekana kama nafasi ya bure: mtu hutupa taka, mwingine humwaga mabaki ya ujenzi, mwingine hufunika kwa ubao na kuweka meza. Mama mmoja wa vitunguu pale Githurai aliniambia, "Mama, hili tundu hapa limeziba tangu kabla ya Krismasi. Sisi huzoa kwa mikono, lakini ndani kabisa hatufiki." Alisema bila hasira, huku akipanga vitunguu vyake. Mwanamke huyo alikuwa na taarifa ambayo ofisi nzima ya wahandisi ingeilipia, na alikuwa akiitoa bure kwa yeyote atakayesimama.

Kazi yenyewe haihitaji mkopo wa kigeni. Inahitaji koleo, vijana wa kulipwa, lori, orodha ya makalavati yote na jina la afisa mmoja mbele ya kila kalavati, na ifanyike Februari, kabla masika haijafika katikati ya Machi. Kalavati haizibuliwi mvua ikinyesha. Waliojaribu Aprili ile walikuwa wakihatarisha maisha yao.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni hili. Februari ijayo mtume mwandishi na mpiga picha watembee kando ya reli kutoka Makadara hadi Ruiru, na wengine waende Kikuyu na Kijabe. Wapige picha kila kalavati, wazi au iliyoziba, na mzichapishe ukurasa wa kwanza zikiwa na jina la mahali, tarehe na ofisi inayohusika. Waanzie Githurai. Wamuulize mama wa vitunguu, atawaonyesha.