Maswali ya Wasomaji: Kamati za Bunge na Fedha za Barabara, Umeme na Maji

SWALI: Ndugu Mhariri, mamlaka ya maji ya mkoani kwetu ilitangaza kwa furaha kwamba imepata hati inayoridhisha kutoka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Haikupita miezi mingi nikasikia viongozi wake wakibanwa na kamati ya Bunge hadi jasho likawatoka. Inawezekanaje aliyefaulu mtihani akaadhibiwa? Na kama kosa lipo kweli, mbona kamati haimfukuzi mtu kazi?
Msomaji, Tabora

JIBU: Hati ya ukaguzi hutolewa juu ya taarifa za fedha. Mkaguzi anaposema kuwa zinaridhisha, anathibitisha kwamba mapato, matumizi, mali na madeni yameandikwa kama viwango vya uhasibu vinavyotaka, bila upotoshaji mkubwa. Hathibitishi kwamba bomba lilifukiwa kwenye kina kinachofaa, wala kwamba kisima kilichimbwa mahali penye maji.

Chukua suala la upotevu wa maji, ambalo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, imeliwekea ukomo wa asilimia 20 na ambalo mamlaka nyingi zimekuwa zikishindwa kulidhibiti. Maji yaliyotibiwa kwa dawa na kusukumwa kwa umeme wa kulipia, kisha yakamwagika njiani kwa sababu ya bomba chakavu, au yakapita kwenye dira (mita) iliyokufa, hayaachi hata shilingi moja iliyoandikwa vibaya kwenye leja. Dawa ilinunuliwa na stakabadhi ipo. Umeme ulilipiwa na stakabadhi ipo. Ankara za wateja zinalingana na maji yaliyopimwa. Vitabu vinaridhisha na fedha za umma zimekwenda na maji. Ndiyo maana CAG, mbali na kukagua hesabu, hufanya ukaguzi wa ufanisi na hutoa ripoti ya miradi ya maendeleo, na humo ndimo kamati hupata maswali yake mazito kuliko yale ya hati.

Katika kikao cha Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) anayetakiwa kujibu ni Afisa Masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu na katika taasisi ni mtendaji wake mkuu. Huyo hawezi kujitetea kwa kusema kuwa jambo lilifanywa na mhandisi au na mhasibu, kwa sababu dhamana ya fungu, yaani fedha zilizotengwa kwa ofisi yake, ni yake. Kwa maoni yangu, dakika zinazomkosesha raha si zile ambazo mbunge anafoka. Mbunge anayefoka hujibiwa kwa unyenyekevu mwingi, ‘tumepokea, Mheshimiwa Mwenyekiti, na tutalifanyia kazi’, na shughuli huishia hapo. Mbunge wa kuogopwa ni yule anayeomba kwa sauti ya kawaida aoneshwe barua ya kumwongezea mkandarasi muda, kisha akauliza kwa nini tarehe ya barua hiyo ni ya baada ya mkataba kumalizika.

Kuhusu kufukuza, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kutengua uteuzi ni kazi ya mamlaka iliyoteua, na makosa ya jinai yana vyombo vyake, ikiwemo TAKUKURU. Kamati huandika taarifa, Bunge zima huijadili na kupitisha maazimio, na Serikali hutakiwa kuyatekeleza. Hata hivyo, usidharau njia hiyo ndefu. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, uliosainiwa mwaka 2006 wakati ukame umeshusha maji katika mabwawa ya kufua umeme, ulichunguzwa na Kamati Teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ilipofika bungeni Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Novemba 2014 ikawa zamu ya PAC yenyewe, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, kuwasilisha taarifa iliyotegemea ukaguzi maalumu wa CAG kuhusu fedha zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow, ambayo ilifunguliwa Benki Kuu kushikilia fedha wakati TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, wakivutana juu ya gharama za umeme. Katika kipindi cha miezi miwili Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akang’atuka. Katika mambo yote mawili kamati haikumfukuza mtu. Iliweka ushahidi mezani, na kukaa kimya kukawa na gharama kubwa kuliko kuchukua hatua.

SWALI: Mimi ni mhasibu mstaafu. Karibu kila mwaka ripoti ya CAG inataja mabilioni ya shilingi yaliyolipwa kama riba kwa wakandarasi wa barabara waliocheleweshewa malipo, na kila mwaka kamati inaagiza wakandarasi walipwe kwa wakati. Kwa nini hoja hii haifi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kwa sababu, naomba niseme wazi, mara nyingi anayeulizwa siye aliyechelewesha.

Tuifuate hati moja ya malipo. Mkandarasi hukusanya kazi aliyoifanya na kupeleka madai. Mhandisi mshauri hupima, hukata kisichostahili, kisha hutoa hati ya malipo. Mwajiri, tuseme TANROADS, wakala wa barabara, huidhinisha na kuomba fedha. Hazina hutoa fedha hizo kadiri makusanyo yanavyoruhusu. Kwa mikataba inayofuata masharti ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, malipo yanatakiwa kumfikia mkandarasi ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee madai. Siku hizo zikipita, riba inaanza kuhesabiwa hata kama mkandarasi hajaandika barua ya kuidai. Kwa mfano wa kubuni tu, hati ya shilingi bilioni 10 ikikaa miezi sita baada ya siku hizo, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inazaa shilingi milioni 600, ambazo hazikumwaga hata ndoo moja ya kokoto barabarani.

Riba yenyewe ndiyo sehemu inayoonekana. Mkandarasi asiyelipwa ana haki, baada ya kutoa notisi, ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi. Mitambo yake iliyosimama huleta madai mapya. Mhandisi mshauri naye huongezewa mkataba kwa kuwa mradi haujaisha. Na muda wa kukamilisha kazi unasogezwa kwa haki kabisa. Hapo mwajiri anapoteza kitu ambacho taarifa nyingi hazikitaji, yaani uwezo wa kumtoza mkandarasi fidia ya ucheleweshaji kwa kipindi hicho, hata kama mkandarasi mwenyewe alikuwa mzembe tangu mwanzo. Serikali inayolipa kwa kuchelewa inamkabidhi mkandarasi mzembe utetezi bora kuliko wowote ambao angeweza kuutunga.

Sasa rudi kwenye chumba cha kamati. Mtendaji Mkuu wa wakala anaulizwa kwa nini kuna riba, naye anajibu kwamba fedha hazikuja. Jibu hilo ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli linamaliza mazungumzo. Kamati inapendekeza malipo yafanyike kwa wakati, wakala unajibu kwamba umezingatia, na mwaka unaofuata hoja inarudi ikiwa na tarakimu mpya. Ningekuwa mjumbe, ningetaka Katibu Mkuu wa Hazina, ambaye ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali, aketi kwenye meza hiyohiyo na ratiba ya lini kila ombi lilimfikia na lini lilitoka. Kisha ningemgeukia Katibu Mkuu wa wizara husika kwa swali gumu zaidi: mikataba iliyosainiwa mwaka ule ilikuwa ya thamani gani ikilinganishwa na fungu lililopitishwa na Bunge? Pale ambapo saini zimezidi fungu, riba ilizaliwa siku ya kusaini, na Hazina imebaki kuwa mahali pa kuilaumu tu. Wabunge nao hawana mikono safi katika hili, maana kila jimbo linadai barabara yake ianze mwaka huu, na mikataba midogo mingi inayoanza pamoja huzaa hati nyingi kuliko fedha zilizopo.

SWALI: Kuna PAC, LAAC, PIC, Kamati ya Miundombinu na ile ya Bajeti. Kamati zote hizi zipo, lakini hasara tunaisikia ikiwa imeshatokea. Kwa nini haizuiwi mapema?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kamati hizo hazitazami upande mmoja. PAC, pamoja na LAAC inayoshughulikia Serikali za Mitaa, husoma yaliyopita kupitia ripoti za CAG. PIC hufuatilia mitaji ya umma iliyowekezwa katika mashirika. Kamati za kisekta, kama Miundombinu, ndizo hupitia makadirio ya wizara kabla ya Bunge la bajeti na kutembelea miradi ikiwa bado inajengwa.

Kalenda nayo ni ndefu. Malipo yaliyofanywa Agosti 2022 ni ya mwaka wa fedha ulioishia Juni 30, 2023. CAG hukabidhi ripoti ya mwaka huo kwa Rais mwishoni mwa Machi 2024. Huwekwa mezani bungeni Aprili. Na mjadala wa taarifa za kamati, ambao siku hizi huangukia Novemba, huja miaka zaidi ya miwili baada ya fedha kutoka. Kufikia hapo meneja wa mradi anaweza kuwa amehamishwa na mkandarasi amefunga kambi.

Kwa hiyo, ukifungua ripoti ya CAG, ambayo Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi huiweka kwenye tovuti yake ikishawasilishwa bungeni, usianze na tarakimu za mwaka huu. Anza na sura inayoonesha utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyotangulia, uone ni hoja zipi zimefungwa na zipi zimebebwa tena, kisha muulize mbunge wako, ambaye huenda ni mjumbe wa moja ya kamati hizi, kuhusu hoja moja iliyobebwa.