Maswali ya Wasomaji: Mazoezi kwa Mwenye Maradhi ya Moyo

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58. Miezi miwili iliyopita alipata shambulio la moyo, akawekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuacha wazi mshipa wa moyo), na sasa anameza bisoprololi, dawa ya moyo. Jirani amempa hesabu ya 220 toa umri, yaani 162, anamwambia mapigo yake yafike asilimia 80 ya hiyo, kama 130 kwa dakika, akifanya mazoezi. Baba akitembea mpaka jasho linamtoka, saa ya mkononi inasoma 95 tu. Aongeze kasi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Asiongeze hata kidogo. Hesabu ya jirani haimhusu mtu anayetumia bisoprololi, atenololi au karvediloli. Dawa hizi huizuia adrenalini, homoni ya mwili, isiuharakishe moyo, kwa hiyo kilele cha mapigo kinashuka, na kwa kiasi kinachotofautiana kati ya mtu na mtu. Akizifukuzia 130, baba atajikuta anafanya kazi iliyopita uwezo wake huku namba ikigoma kupanda.

Hesabu inayomfaa huanzia kwenye kipimo cha kutembea juu ya mashine, huku ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikisomwa, akiwa amemeza dawa zake kama kawaida. Tuseme akiwa ametulia mapigo ni 58, na kwenye mashine yalifika 122 bila maumivu wala hitilafu kwenye ECG. Toa 58 kwenye 122, inabaki 64. Asilimia 40 ya 64 ni kama 26. Jumlisha na 58 upate 84. Asilimia 70 ni kama 45. Jumlisha upate 103. Basi afanye mazoezi kati ya 84 na 103. Mzee wa namna hiyo akisoma 95 yuko mahali pake.

Kama hajapimwa, atumie pumzi yake. Aweze kusema sentensi nzima akitembea, lakini asiweze kuimba. Kwenye kipimo cha Borg, ambacho mtu mwenyewe hutaja namba ya uzito wa kazi anaousikia, kuanzia 6 hadi 20, hapo ni kati ya 11 na 13: kutoka "nyepesi" hadi "nzito kiasi". Joto la pwani na unyevu wake hupandisha mapigo hata kama mwendo ni uleule, kwa sababu damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili kupoza mwili. Siku kama hiyo apunguze mwendo; afadhali atoke saa 12 asubuhi.

Akishapewa ruhusa na daktari wake, aanze na dakika 10 za tambarare mara mbili kwa siku. Kila wiki aongeze dakika 5 kwenye matembezi, akifika 30 kwa mkupuo mmoja inatosha mara moja kwa siku, siku 5 kwa wiki. Muda uongezwe kwanza, kasi baadaye. Dakika 5 hadi 10 za mwanzo na za mwisho ziwe za polepole, na hizi za mwisho ndizo watu wengi huziruka. Mishipa ya miguu bado imepanuka. Akisimama ghafla damu inatuama chini, presha inashuka, kizunguzungu kinamshika, na moyo unaweza kuanza kupiga ovyo.

Swali: Nikipanda mlima kwenda kazini kifua kinabana kila nikifika mahali palepale. Nikisimama kidogo kinaachia. Hospitali wamesema mshipa mmoja wa moyo umepungua upana, wakanipa dawa ya kuweka chini ya ulimi. Nitembee au nipumzike? (Msomaji, Lushoto)

Jibu: Kubana mahali palepale kuna sababu. Zidisha mapigo kwa namba ya juu ya presha, utapata makadirio ya oksijeni ambayo msuli wa moyo unaidai. Tuseme hapo mlimani mapigo ni 110 na presha 160: ni 17,600. Mshipa uliopungua hauwezi kulipa deni la kiasi hicho, kifua kinabana. Tena msuli wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake unapolegea kati ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio muda huo wa kulegea ndio unaofupika zaidi.

Mazoezi ya wiki 8 hadi 12 yanaweza kuishusha namba hiyo. Mlima uleule, mwendo uleule, mapigo yanakuwa 95 na presha 145, yaani 13,775. Huenda mshipa haujapanuka hata kidogo, ila misuli ya miguu imejifunza kuichuja oksijeni vizuri zaidi kutoka kwenye damu, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kwa hiyo tembea, kwenye tambarare kwanza, na ubaki chini ya kiwango kinacholeta maumivu.

Dawa iwe mfukoni. Kifua kikibana, kaa chini kabla ya kuiweka, maana inashusha presha. Dakika 5 zikipita bila nafuu, nenda hospitali, na usijiendeshe mwenyewe. Usiitumie kamwe ukiwa umemeza dawa za nguvu za kiume kama sildenafili. Presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Na maumivu yakianza kuja mapema kuliko zamani, au ukiwa umekaa tu, hiyo ni dharura.

Swali: Mama alipasuliwa kifua wiki 5 zilizopita. Anataka kurudi kuchota maji. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mfupa wa kifua bado umeshikiliwa na waya. Huchukua kama wiki 12 kuunga vizuri. Hata baada ya hapo, kazi ya mikono hupandisha presha kuliko ya miguu yenye uzito uleule, na akibana pumzi wakati wa kunyanyua ndiyo mbaya zaidi. Atembee kila siku, maji achotewe.

Swali: Moyo wa babu haupigi kwa nguvu, wamesema umetanuka. Ndugu wanataka alale tu. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya nzuri walilazwa kitandani wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Fikirieni mzee ambaye moyo wake ni dhaifu tayari. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wa wagonjwa zaidi ya 2,300 wa namna yake waliokuwa wametulia kwenye dawa, ulionyesha kuwa mazoezi yaliyopangwa ni salama kwao.

Aanze kwa vipande: dakika 2 kutembea, dakika 1 kukaa, mara 5. Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au akishindwa kulala bila mito mingi, maji yanajaa mwilini: asimamishe matembezi na aonwe na daktari siku hiyohiyo.