Kabla ya kuuliza mgombea ni nani, uliza nani ameandika orodha

Kongre, yaani mkutano mkuu wa chama, ikitangazwa, vijana wa kwetu Katuba, Lubumbashi, wanakimbilia tisheti. Nani ataleta tisheti, nani atalipa basi, nani atapika. Wakinikuta barazani wananiuliza: "Mama, sisi tuko na nani?" Nami nawauliza: orodha ya wajumbe imeshatoka? Nani ameiandika? Wanacheka. Wanaona mama ameanza tena mambo yake ya karatasi.

Nilikuwa sekretari wa selile, yaani tawi dogo la chama mtaani, nikapanda hadi ngazi ya komini, sehemu ya mji, na kwenye kongre moja ya federasyon, ngazi iliyo juu ya komini, hapa Lubumbashi nikatiwa katika tume ya kuhakiki wajumbe. Chama sitakitaja, waliokuwa ukumbini wanajijua. Ndani ya tume ile niliona kwa macho yangu kwamba ugomvi wa nani awe mgombea huwa umekwisha kabla kura ya kwanza haijapigwa. Anayeumaliza ni yule mwenye kuamua nani aingie ukumbini.

Kwetu Kongo sheria yenyewe ya uchaguzi inaongeza moto. Mpiga kura wa Lubumbashi, katika uchaguzi wa wabunge, anamchagua mtu mmoja ndani ya orodha ya wagombea wa chama, awe wa kwanza au wa mwisho haidhuru. Na orodha haiwezi kuzidi idadi ya viti vya eneo. Kwa hiyo hatugombanii namba, tunagombania kuingia tu. Mandatere, yaani mwakilishi wa chama, akishapeleka orodha CENI, tume ya uchaguzi, ofisi inayopokea haimwulizi kama wanachama wa komini za Ruashi au Kampemba walishauriwa. Ndiyo maana vyama vingi havijisumbui na kongre, watu wanangoja simu kutoka Kinshasa. Chama kikisema safari hii tutapiga kura sisi kwa sisi, hapo wajanja wanaanza kuzaa selile usiku.

Selile ya usiku ina kila kitu. Ina prezidenti, ina sekretari, ina mtunza pesa, ina kasheti, yaani muhuri. Wanachama ndio hawapo. Kwenye tume yetu komini moja ilituletea makundi mawili ya wajumbe, kila moja likiapa kwamba lenyewe ndilo la kweli. Wote walikuwa na PV, yaani karatasi za kumbukumbu za mikutano, wote walikuwa na saini. Tukazitandika zile PV mezani. Za kundi moja ziliandikwa kwa mkono mmoja, wino mmoja, selile tofauti lakini kosa lilelile la herufi katika jina la avenue. Mzee mmoja wa tume akasema: "Hawa wote walisomea darasa moja." Tukacheka, lakini wao waliingia ukumbini. Walipewa ruhusa "kwa muda", mpaka ripoti ya tume ithibitishwe na kongre. Sasa uliza: nani alipiga kura kuithibitisha ripoti ile? Ni wao wenyewe, pamoja na wenzao wa komini nyingine waliokuwa na kasoro kama zao. Mkono huosha mkono.

Nilidhani hila hiyo imezaliwa Lubumbashi. Baadaye, nikisoma historia ya vyama vya Marekani, nikaikuta imevaa suti na kofia ndefu.

Mwaka 1912 chama cha Republican kilikutana Chicago kumchagua mgombea wake wa urais. Rais aliyekuwa madarakani, William Howard Taft, alipingwa na mtu aliyemtangulia katika kiti hicho, Theodore Roosevelt, rafiki yake wa zamani. Katika majimbo mengi ambako wanachama wa kawaida walipewa kura, Roosevelt alishinda, hata Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini majimbo ya namna hiyo yalikuwa machache. Kule Kusini chama hicho kilikuwa karibu hakina wapiga kura, ila wajumbe kilikuwa nao tele, na wengi wao walikuwa watu wa kazi za serikali, kazi ambazo anayezigawa ni rais. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa hapo.

Viti 254 vya wajumbe kati ya 1,078 vilibishaniwa. Kamati kuu ya chama, iliyokuwa mikononi mwa watu wa Taft, ikampa Taft 235 na Roosevelt 19. Nisimpendelee Roosevelt: madai mengine watu wake waliyatunga makusudi, ili magazeti yaone hesabu bado haijakaa. Lakini kilichoniuma ni kanuni iliyotumika ukumbini. Mjumbe aliyebishaniwa alikatazwa kupiga kura juu ya kiti chake mwenyewe, ila juu ya kiti cha mwenzake aliruhusiwa. Mimi nakupitisha wewe, wewe unanipitisha mimi. Watu wa Roosevelt wakaondoka, wakaunda chama chao. Novemba ilipofika, kura zikagawanyika na Woodrow Wilson wa Democratic akapita katikati. Taft, aliyekuwa bingwa wa ukumbini, aliambulia majimbo mawili katika nchi nzima: Utah na Vermont.

Miaka 40 baadaye, chama kilekile, mji uleule. Safari hii ni Seneta Robert Taft, mtoto wa yule rais, dhidi ya Jenerali Eisenhower, na tena wajumbe wa majimbo ya Kusini, Texas, Georgia na Louisiana, wanabishaniwa. Watu wa Eisenhower hawakuanza kuvutana kiti kwa kiti. Walitanguliza kanuni: mjumbe mwenye kesi, ambaye hajakubaliwa na theluthi mbili za kamati kuu, asipige kura juu ya kesi ya mtu yeyote mpaka ya kwake imalizike. Kura ya kwanza juu ya jambo hilo ilikuwa 658 kwa 548, upande wa Eisenhower. Baada ya hapo Taft hakuinuka tena. Mlango uliomwingiza baba ndio uliofungwa usoni mwa mtoto.

Kama nina ushauri mmoja kwa kijana anayeingia kongre kwa mara ya kwanza, ni huo wa 1952. Usisimame kusema "wajumbe wa fulani ni wa bandia". Ukimtaja fulani, watu wake wote watasimama, na ukumbi utageuka soko. Simama mapema, siku ya kupitisha utaratibu wa kikao, kabla majina hayajasomwa, useme: tunaomba iandikwe kwamba mwenye kesi hapigi kura juu ya kesi. Asiye na upande ataona haya kukataa. Wale wenye selile za usiku nao watakataa, na kwa kukataa watajitaja wenyewe. Watu wengi wanaidharau siku hiyo ya utaratibu, wanakuja wakati wa bukari (ugali). Mimi ningekuambia, ukiwa na nauli ya siku moja tu, nenda siku hiyo.

Lakini kanuni peke yake haitoshi kama huna karatasi. Ombeni orodha ya selile zinazotambuliwa wakati hakuna mgombea aliyejitokeza bado, maana wakati huo sekretari wa federasyon hana sababu ya kuificha. Akishajua nani anamtaka nani, orodha "itapotea", mashine ya kupiga kopi "itaharibika", umeme wa SNEL utakatika hata kama taa zinawaka. Kila PV ya selile yenu iwe na nakala nyumbani kwa mtu ambaye si kiongozi. Ipigeni picha siku ileile ya mkutano, pamoja na watu waliohudhuria. Hao wa selile za usiku hawana picha ya mkutano, na wakipiga moja utaona shangazi na wapwa.

Halafu kuna pesa ya transpoti. Mjumbe anatoka Kipushi au Likasi, anahitaji nauli, anahitaji pa kulala, na mgombea mwenye pesa ndiye anayempokea. Sisemi mjumbe akikubali chakula amejiuza, watu wa mbali lazima wale. Ila tulichofanya kwenye komini yetu, na kilisaidia, ni kuchanga sisi wenyewe, kidogo kidogo, na kuwalaza wajumbe katika nyumba za wanachama. Anayelala kwa mwanachama anaamka hajafungiwa kwenye ua wa mtu. Wale wanaolazwa pamoja kwenye hoteli moja, simu zikikusanywa "kwa usalama", hao si wajumbe tena.

Na tusidhani wazee wetu hawakuyapitia haya. Agosti 1991, Konferansi ya Taifa, mkutano mkubwa wa kujadili mustakabali wa nchi, ilipofunguliwa katika Palais du Peuple kule Kinshasa, mabishano makubwa ya mwanzo yalihusu nani ana haki ya kukaa mle ndani. Upinzani ulilalamika kwamba Rais Mobutu amejaza ukumbi kwa vyama na mashirika yasiyokuwa na wanachama. Desemba ndipo Monsengwo, askofu mkuu wa Kisangani, alipochaguliwa kuiongoza. Januari 1992 ikafungwa na waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa huku kwetu Katanga, na ilihitaji maandamano ya Wakristo ya tarehe 16 Februari, yaliyomwaga damu, kabla haijafunguliwa tena Aprili. Nchi nzima ilisimama ikingoja jibu la swali ambalo sisi kwenye komini tunaliona dogo.

Kwa wanawake nina neno la peke yake. Mwaka 1964 wanachama weusi wa Mississippi, waliozuiwa na chama cha Democratic cha jimbo lao, chama cha Wazungu watupu, walijitengenezea ujumbe wao na kwenda nao kwenye mkutano mkuu Atlantic City. Mmoja wao, Fannie Lou Hamer, aliyefanya kazi ya shamba la pamba tangu utotoni, aliielezea tume ya kuhakiki jinsi alivyopigwa gerezani kwa ajili ya kutaka kujiandikisha kupiga kura. Chama kikawapa viti viwili, na hata watu wa kukaa kwenye viti hivyo viwili kikawachagulia. Wakakataa. Miaka minne baadaye, 1968, wajumbe wa kile chama cha zamani cha Mississippi ndio waliokataliwa mlangoni. Nimesikia wanasiasa wa hapa wakisema nusu mkate ni bora kuliko njaa. Katika mambo mengine nakubali. Lakini mwanamke anayeitwa kujaza nafasi ya "mama", akaandikiwa jina la kumpigia kura kwenye kiganja, hajapewa hata huo nusu mkate. Kiti ambacho mtu mwingine anakuchagulia na kura yake, kikatae, na kataa kwa maandishi.

Wapo watakaoniambia nusu si mbaya kila mara, na wana mfano. Mwaka 2008, Obama na Clinton wakishindana, Florida na Michigan zilitangulia kalenda ya chama, zikaadhibiwa kwa kunyang'anywa wajumbe wao wote. Tarehe 31 Mei kamati ya kanuni ikakata: wajumbe warudi, kila mmoja na nusu ya kura. Watu walipiga kelele, lakini chama hakikuvunjika. Tofauti ni kwamba adhabu ilijulikana tangu mwanzo, na waliokata kesi walipiga kura zao mbele ya kamera.

Kwetu, usiku ule wa kongre, walioshindwa hawakungoja asubuhi. Wengine walijiandikisha kama wagombea binafsi, wengine wakahamia chama kingine, na kidogo tu chama chetu kigawanyike ele mbili, yaani pande mbili, zinazogombania kasheti. Kama nawe umeshindwa na unaamini umeibiwa, fanya hivi kwanza: omba nakala ya ripoti ya tume, na iwe na saini za wanatume wote. Wakikunyima, andika barua ya kuiomba, mpelekee sekretari mkononi, na akugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Rufaa ya ndani ya chama bila karatasi hiyo ni kelele. Ukiamua kuondoka, ondoka baada ya kuwauliza waliokutuma kwenye selile, kwa mkutano na PV. Novemba 2018 viongozi wa upinzani walipatana Geneva wamsimamishe Martin Fayulu, na kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakazifuta saini zao kwa sababu wanachama wao walikataa. Mimi sikushangazwa na kuzifuta. Nilishangaa kwamba wanachama hawakuulizwa kabla ya ndege kuondoka.